Stima Ambayo Mita za Cheptiret Hazikusoma

Niliondoka Nairobi Jumanne alfajiri kwa sababu ya namba moja iliyokuwa imeninyima usingizi. Kazi yangu ni kukadiria stima ambayo nchi itahitaji miaka ijayo, ili mitambo na laini zijengwe mapema. Katika makadirio ya mwaka huu niliandika kwamba upande wa Cheptiret na Kesses, nje ya Eldoret, matumizi hushuka kila jioni, basi nikaiondoa kwenye mpango transfoma kubwa iliyokuwa iende huko. Kisha Kiprono, fundi wetu wa Eldoret, akanipigia simu.

"Bwana Mutua, hiyo hesabu yako si kweli. Kuja uone."

Mpango ulikuwa unafungwa Ijumaa.

Saa nne na nusu nilikuwa Timboroa. Ukungu ulikuwa umelala barabarani na baridi ilipenya hadi vidoleni. Nilisimama kunywa chai, nikaiacha nusu. Kila transfoma niliyoipita niliitazama kama mwanafunzi anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo.

Saa sita Kiprono alinipokea Cheptiret, tukaelekea moja kwa moja Kesses kwa Mzee Wekesa. Mzee alitoka Bungoma miaka mingi iliyopita kufanya vibarua vya mjengo; leo ana nyumba za kupangisha wanafunzi. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA KUPIKA NA STIMA.

"Unaogopa bili, Mzee?" nikamuuliza.

"Bili ya nini? Kila mtu ako na tokeni yake. Wakiwasha koili za kupikia watu watano, ploti yote inazimika." Akanionyesha vyumba vipya nyuma ya nyumba. "Hizi hata sijaombea mita. Niombe ya kufanya nini?"

Vyumba vile havikuwa popote kwenye hesabu yangu. Nilitaka kuondoka hapo hapo niende kuhesabu vingine, lakini Kiprono alisema jioni ndiyo ingenionyesha zaidi.

Saa kumi na moja tulirudi Cheptiret, kwenye kituo cha maziwa cha Mama Jerono. Wakulima humletea maziwa ya jioni, naye huyapoza kwenye tangi hadi lori lije asubuhi.

"Mama, mita yako inaonyesha unazima tangi kila jioni," nikamwambia.

"Mimi sizimi. Inakataa yenyewe. Ikifika saa moja nawasha jenereta."

"Leo usiwashe kwanza. Nataka kuona."

Alimtazama Kiprono, na Kiprono akatazama chini. "Sawa," akasema Mama. "Lakini haya maziwa ni ya watu."

Saa moja ilipogonga, watu wote walikuwa wamewasha taa zao. Balbu ya kituo ikafifia ikawa nyekundu. Kipimo cha Kiprono, kinachotakiwa kusoma volti mia mbili arobaini, kilishuka hadi mia moja sabini. Mashine ya kupoza ikanguruma, ikatetemeka, ikanyamaza. Ulikuwa ule ule mshuko niliouona kwenye grafu yangu Nairobi, nikauita watu wasiohitaji stima. Kwa dakika moja nilifurahi, naona aibu kusema.

"Sasa washa, Mama."

Jenereta ilikataa. Kiprono aliivuta kamba mara nyingi, akaifungua, akaifunga. Nusu saa ikapita. Mama Jerono aliweka kiganja ubavuni mwa tangi na hakukitoa.

"Nilikuambia ni ya watu," alisema, polepole.

Tuliyajaza maziwa kwenye mikebe, tukaipakia kwenye pikapu ya Kiprono, tukakimbia Eldoret mjini kwa rafiki yake mwenye tangi. Mimi nilikaa nyuma, nimekumbatia mikebe isianguke kwenye matuta. Mpokeaji aliipima mmoja mmoja. Miwili iliyoletwa kituoni mwisho kwa pikipiki kutoka mbali, ambayo haikuwahi kumiminwa kwenye tangi ipoe, aliikataa.

"Hii ni ya mwalimu mstaafu, ya asubuhi na ya jioni," alisema Mama Jerono. "Kesho ataniuliza."

"Nitamweleza mimi."

"Utamwambia nini? Ati ulikuwa unapima?"

Nililala kwa Kiprono huko Kiplombe, kama kulala ni kugeuka huku na huku. Jumatano asubuhi nilirudi Cheptiret nikamngoja mwalimu. Nikamweleza yote bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho, hakupandisha sauti.

"Basi uandike vizuri," akasema, akabeba mikebe yake mitupu akaenda.

Alhamisi, Nairobi, niliweka hesabu mpya mbele ya bosi wangu, Madam Nduta. Aliisoma mara mbili.

"Mutua, tukijenga na wateja wasije, transfoma itakaa bure na mwananchi ndiye ataigharamia. Uko na uhakika?"

"Sina, Madam. Uhakika nilikuwa nao kwa ile ya kwanza."

Akairudisha transfoma kwenye mpango, kwa sharti kwamba nitapima tena kila msimu.

Nimejifunza kwamba mita huhesabu stima iliyofika, haihesabu iliyotakiwa ikakosekana. Siku hizi sifungi hesabu ya mahali kabla sijasimama hapo saa moja jioni. Napima hali ilivyo, na simwombi mtu yeyote aache kuwasha jenereta yake.