Ng'ombe Aliyebaki Kabatini

Juzi nilialikwa shule moja ya msingi hapa Njoro, kwenye uzinduzi wa maktaba. Mwalimu aliwapanga watoto, kila mmoja na kitabu chake, akawarekodi video ya kuweka Instagram.

"Fungueni vitabu! Tabasamuni!"

Alipomaliza akasema, "Haya, rudisheni, msije mkavichafua."

Binti mmoja alibaki na chake, kidole kikiwa katikati ya kurasa. "Mwalimu, humu kitabuni ng'ombe wao amepotea. Nilitaka nione kama alipatikana."

"Siku nyingine, mama."

Kabati likafungwa kwa kufuli. Mimi, mgeni wa heshima, nilikuwa na soda mkononi, nikapiga funda.

Jioni video ikatoka, nami nikagonga laiki. Watoto wote wanatabasamu kasoro yeye. Yeye anasoma.