Mwalimu Vendelín na Maneno ya Kuzuia

Pale kijijini Brezovka, aliyewahi kufundishwa Kiingereza na Mwalimu Vendelín Krivoš anaweza kusahau jina la mkwewe, lakini si maneno ya kuzuia. Mwalimu aliyapenda kuliko soseji. "Barrier kwa lugha yetu ni závora," alizoea kusema huku akigonga meza kwa rula, "lile gogo la kwenye reli linalokuchelewesha. Obstacle ni prekážka, kikwazo chochote. Blockage ni upchatie, muulizeni fundi bomba. Na magari yakisongamana sisi tunaita zápcha, sawa na tumbo la babu yako likigoma." Watoto walicheka, na kwa kuwa walicheka hawakusahau.

Mtu huyu mwenye Kiingereza cha kumwaga hakuwahi kukanyaga Uingereza. Enzi za chama cha kikomunisti mpaka ulifungwa kwa waya, na hilo halikuwa kosa lake. Mpaka ulipofunguliwa, akasema hana hela. Hela zilipopatikana, mkewe Ľudmila akaugua. Ľudmila alipofariki, Mungu amrehemu, wakabaki mbuzi: nani angewakamua? Kijiji kizima kilijua kwamba mbuzi walisingiziwa bure, na kwamba Mwalimu anaogopa ndege. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Msema kweli mpenzi wa Mungu, lakini slivovica, ile pombe kali ya plamu, pale kijijini alikuwa akiipika Mwalimu, si Mungu.

Kisha binti yake wa pekee, Radka, akaenda kufanya kazi Hull, Uingereza, akarudi na Mwingereza aitwaye Colin, akatangaza kwamba wataoana Brezovka na kuishi huko huko Hull. Vendelín akasema, "Vizuri," akaenda zizini, akakaa na mbuzi mpaka supu ikapoa. Akishamwoza, atamwona lini tena?

Siku ya harusi, Colin alikuwa njiani kwenda kumchukua bibi harusi alipokuta barabara imezibwa mbele ya nyumba ya Mwalimu. Ctibor, mkuu wa zimamoto wa kujitolea, alikuwa ametandaza mpira wa maji toka ukingo huu hadi ule, wenzake wameushikilia, kama kila harusi: hapiti mtu bila kutoa chupa ya pombe. Colin kuona kofia za zimamoto, akaruka kutoka garini, akavua koti, akawa anauliza kwa Kiingereza moto uko wapi awasaidie. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mwalimu! Njoo utafsiri!" Ctibor akaita.

Kwa desturi Vendelín alipaswa kuwa ndani na binti yake. Alitoka mbio.

"Mwambie chupa moja tu, apite zake."

Vendelín akamgeukia Colin, akamwambia kwa Kiingereza safi kwamba sharti aimbe kwanza. Colin akaimba. Aliimba vibaya sana.

"Anaimba nini huyu?" Ctibor akashangaa. "Hana chupa?"

"Anasema bado anafikiria."

Kisha akamwambia Colin kwamba wimbo haukutosha, acheze. Maskini akacheza katikati ya barabara, suti imemkaba kwapani. Jirani, mama Hermína, akasogea, mikono kiunoni.

"Mwalimu, padre ana harusi nyingine kijiji cha pili. Akiondoka, hakuna ndoa leo!"

"Najua."

"Unajua, na bado unamchezesha mkweo kama dubu wa maonyesho? Na huo mpira mbona umeushika na wewe?"

Vendelín akatazama mikono yake. Kweli, alikuwa ameukamata, tena kwa nguvu kuliko Ctibor.

Dirishani, Radka alikuwa akisikia lugha zote mbili. Akashuka na gauni lake jeupe, amelikusanya magotini.

"Rudi ndani, mwanangu, ni mkosi kuonekana kabla!" Hermína akapiga kelele.

"Mkosi si ule pale umeshika mpira! Baba, kuimba kuimba gani? Ctibor alisema hivyo saa ngapi?"

"Nilikuwa natafsiri maana, si neno kwa neno."

"Baba, unazuia."

"Kidogo tu," akasema. "Nitabaki na nani, Radka? Na mbuzi?"

Radka akamkabidhi Hermína shada la maua, akaichukua ile ncha ya mpira mkononi mwa baba yake, akaivuta ikakazika mbele ya kifua chake mwenyewe.

"Haya. Sasa anayetaka kupita kwenda kanisani ni wewe. Lipa."

Vendelín akapapasa mifuko. Leso, kipande cha chaki.

"Sina chupa."

"Chupa ya nini? Utakuja Hull."

"Sasa mbuzi..."

"Nitawakamua mimi," Hermína akadakia. "Kwanza wananipenda kuliko wewe."

"Labda kwa treni..."

"Kwa ndege, Baba. Krismasi hii."

Kengele ya kanisa ikaanza kulia. Vendelín akatazama juu angani.

"Nitakuja."

"Usiniambie mimi, nimeshakuzoea. Mwambie yeye, kwa Kiingereza, awe shahidi."

Mwalimu akamgeukia mkwewe, jasho likimtiririka. Akamwambia kwamba Krismasi atakuja kwao, kwa ndege, na kwamba amsubiri uwanjani tafadhali, karibu kabisa na mlango, maana atashuka anatetemeka. Hakuna alichomwambia Colin siku hiyo kilichokuwa kweli ila hicho. Radka akauachia mpira.