Mwiko wa Mume Wangu

Jina langu lihifadhiwe, na la kijiji chetu pia, maana huku tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, kwetu ni Milola, nimeolewa pwani ya Kilwa na mwanajeshi. Tuna mtoto mmoja wa kike. Mume wangu yuko kambini kusini, nami naishi na wakwe zangu katika kijiji cha ujamaa. Asubuhi nipo shamba la kijiji, mchana nipo jikoni, na jikoni ndiko yalikonikuta ya kunikuta.

Mama mkwe hajapata kukisifu chakula changu hata siku moja. Kwake yeye mtu wa Milola anajua kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, na kuokota korosho, basi, nazi haijui. Nikipika wali, umeshikana. Nikipika kisamvu, hakijaiva. Nikiunga samaki kwa tui ataniuliza mbele ya majirani, "Hii nazi uliikuna, au ulikionyesha tu chungu?" Watu wanacheka. Mkubwa hajibiwi, lakini inauma jamani.

Mume wangu alipokuja likizo nilidhani mtetezi wangu amefika. Kumbe! Wa kwanza kukunja uso alikuwa yeye. Alionja mchuzi mbele ya mama yake akatikisa kichwa. "Jeshini hiki kisingeliwa." Baba mkwe, ambaye kwa maneno yake ya barazani mwanawe ni mpiga mzinga anayemzuia Mreno asivuke Ruvuma, tena peke yake, akaitikia, "Askari hali ovyo ovyo."

Siku moja akapita rafiki wa mume wangu kutoka kambini, naye yuko likizo, anakwenda kwao Songo Songo. Tangu barabarani alipaza sauti, "Afande Mwiko! Mwiko wewe!" Mume wangu uso ukamshuka. Mama mkwe yeye akapiga vigelegele, akawaeleza majirani kwamba mwanawe huko jeshini anaitwa Mwiko, yaani haguswi, hasogelewi, atakayemgusa amejitakia. Tangu hapo kijiji kizima wanamwita hivyo, na watoto wakikutana naye wanampigia saluti.

Mimi nilikwenda kumpa mgeni maji ya kunywa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, unafaidi. Huyu akishika mwiko kombania nzima inajilamba."

"Mwiko upi?"

"Wa kusongea ugali, shemeji. Si ndiye mpishi wetu?"

Mgeni alipoondoka nikamuuliza mume wangu. Hakukana. "Mama Zuhura," akasema (nalitumia Zuhura, silo jina la mtoto wetu), "baba aliniuliza kama nimeshashika mzinga, nikanyamaza, akajijibu mwenyewe. Akijua napika atakufa kwa aibu." Maana huku mwanamume anapika pilau ya harusi tu, kupika kila siku ni kazi ya mke. Nikamwambia mimi sioni aibu, askari mwenye njaa hapigani. Hata hivyo aliniapisha, nami nikaapa kwamba sitasema.

Kuanzia siku hiyo, mama mkwe akienda shamba, mume wangu alikuwa akifunga mlango wa jiko, anakaa juu ya mbuzi na suruali yake ya jeshi, anakuna nazi huku ananipigia hadithi za kambini. Nasema kweli ya Mungu, sijapata kuwa na raha ya ndoa kama siku zile. Akakiri pia kwangu. "Chakula chako hakina kasoro. Nasema vile ili wasinishuku." Nikamsamehe, mjinga mimi.

Likizo ilipokaribia kwisha alipika samaki wa tui kwa mkono wake mwenyewe, mimi nikachochea moto tu. Nikapakua, nikapeleka kana kwamba ni kazi yangu. Mama mkwe akachukua tonge moja, akatema pembeni. "Huyu ataniulia mwanangu! Hata chumvi hajui kutia!" Nikamgeukia mume wangu. Nikasema moyoni, leo atasema, hiki ni chakula chake. Akanawa mikono taratibu. "Kweli, mama. Nimemfundisha, hafundishiki."

Nilitoka nje nikalia hadi nikapaliwa.

Sasa amerudi kambini. Mama mkwe amemtafutia mke mwingine, binti wa jamaa zake anayejua nazi, na mimi nirudishwe kwetu. Mtoto abaki. Kwetu Milola mtoto ni wa ukoo wa mama, lakini wao wanasema hayo tuyaache huko huko bara. Mume wangu alipelekewa habari na msafiri, na jibu lake limekuja kwa mdomo wa msafiri huyo huyo: atakaloamua mama ni sawa.

Wazee watakaa kikao. Baba yangu ameitwa aje asikilize jinsi binti yake asivyojua kupika, yeye aliyekula mkononi mwangu tangu nikiwa msichana. Mwishoni wataniuliza kama nina la kusema. Nikisema, nimevunja kiapo, na baba mkwe, mzee ambaye zaidi ya neno lile moja hajanikosea kitu, hatainua tena uso barazani. Pengine hata sitaaminiwa.

Na msinicheke, bado nampenda. Simlilii mpiga mzinga wao. Namlilia yule aliyekuwa akinipikia mlango ukiwa umefungwa, na huyo siwezi kumwita shahidi mbele ya watu.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, hasa mlioolewa na wanajeshi, niambieni: nifungue mdomo nimpoteze yeye, au niufunge nimpoteze mwanangu? Nijibuni upesi, baba yangu ameshatoka Milola.