Mashuka Meupe Kwenye Sikukuu ya Jirani

Wiki iliyopita, hapa Bujumbura, wenyeji wetu walisherehekea uhuru wao, nasi wakimbizi wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, tukatoka nje kutazama ndege zao za vita. Ziliponguruma juu, watu walishangilia. Jirani yangu, mama wa mtaa wa Mulongwe kule kwetu, alikimbilia kamba akaanua mashuka meupe yakichuruzika maji. Kwetu, tangu vita, ndege ikisikika, cheupe hakibaki nje: rubani atakiona.

"Mama, iko fete yao tu, sikukuu ya uhuru," nilimwambia nikicheka.

Ndege zikageuka, zikaelekea ziwani, upande wa kwetu. Mama alizifuata kwa macho, amekumbatia mashuka.

"Na kule Uvira, nani aliwambia kama iko fete?"

Wenyeji walipiga makofi. Mimi nilikwenda kuanua shati langu jeupe.