Mchanga Kwenye Sinia ya Haluwa

Baba yangu alikuwa mwashi pale Barani, na kabla ya kuchanganya zege lolote alikuwa akiulamba mchanga. Huchota kidogo, akauweka ulimini, akatema, kisha akasema "haya" au akalifukuza lori. Ukaguzi wake ulikuwa huo tu. Nami, msichana wa shule, nilikuwa nikiona haya mbele ya wenzangu. Nikajiapiza kusomea uhandisi nije nipime kwa mashine, kama wastaarabu.

Nikasoma. Mashine nikazikuta kabatini zimejaa vumbi, katika kampuni ya ujenzi mjini Malindi iliyoniajiri kuwa mhandisi msaidizi. Miaka saba nikabaki msaidizi. Vijana niliowafundisha kusoma ramani walinipita mmoja baada ya mwingine, na kila nilipouliza, mkurugenzi alinijibu, "Subira yavuta heri, mwanangu." Heri yenyewe ilikuwa ikigawanywa nyumbani kwake kila Alhamisi baada ya alasiri, barazani, kwa kahawa na haluwa. Wahandisi wenzangu wote walikuwa wakienda. Mwanamke haalikwi. Ijumaa asubuhi mimi huletewa uamuzi uliokwisha kupoa, kisha naombwa niwatengenezee chai.

Mwaka ule wa saba nikaitwa. Barua ya kunifanya mhandisi mwandamizi ilikuwa mezani, imeshapigwa muhuri. Kilichobaki ni mimi kutia sahihi fomu ya kuruhusu zege limwagwe kwenye nguzo za tangi la maji, katika shule moja kule Junju. Mchanga wenyewe nilikuwa sijauona. "Ni utaratibu tu," akasema mkurugenzi. Nilifurahi, sitadanganya. Nilimpigia mama simu nikiwa bado kwenye ngazi.

Hata hivyo sahihi sikuitia. Nilitaka kwanza kwenda Junju. Nikaukuta mchanga mweupe, laini, una vipande vya makombe. Nikauonja. Chumvi tupu! Ulikuwa mchanga wa ufuoni, ulioletwa kwa kuwa ndio wa karibu. Chumvi hiyo huzila nondo za chuma polepole ndani ya nguzo, hata siku moja tangi lililojaa maji likawaangukia watoto wa watu.

"Tutauosha, bi mhandisi," akasema msimamizi wa mafundi.

"Kwa maji gani?"

Akanionyesha kisima. Nikayaonja na maji. Nayo ya chumvi! Nilicheka kwa hasira mpaka yule bwana akarudi nyuma.

Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi. Nikavaa buibui langu, nikenda barazani bila kualikwa. "Shikamooni," nikaamkia, nao wakaitikia, maana adabu ni adabu. Nikamimina kwenye kisahani mchanga niliouchota Junju, nikakiweka juu ya sinia, ubavuni mwa haluwa.

"Karibuni. Atakayeuonja akaniambia hauna chumvi, natia sahihi hapa hapa."

Wakatazama vikombe vyao.

"Mwanangu, kazi haiendeshwi kwa ulimi," akasema mkurugenzi.

"Mbona hii yaendeshwa kwa kahawa, baba?"

Barua ile sikuiona tena. Cheo akapewa mmoja wa waliokuwa wameketi pale. Nililia, tena sana, kisha nikaosha uso nikarudi kazini, na chai sikumtengenezea mtu tena. Fomu nayo ikakaa tupu wiki tatu. Baada ya kile kisahani hakuna aliyetaka jina lake liandikwe pale, hata huyo mwandamizi mpya. Mwishowe yakaja maji matamu ya boza na lori la mchanga wa mto Sabaki, wakaniita mimi. Nikaulamba mbele ya wote, wala sikuona haya. Nikatia sahihi, na penye nafasi ya cheo nikaandika kwa herufi kubwa kuliko jina langu: MHANDISI MSAIDIZI.