Damu Iliyokataa Kukua

Wapendwa, naitwa Neema, nimeolewa hapa Hasamba. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa mbio. Leo nachuma kahawa na mama mkwe, kesho nimepanda gari kwenda Tunduma kuuza vitenge. Nilikula vizuri na nilicheka kwa sauti, wanaonijua watawaambia.

Ndoa ikiwa bado changa nikaanza kuishiwa nguvu. Chakula kilinichefua na siku zangu zikachelewa. Kwetu bibi harusi akichoka hakuna anayejiuliza mara mbili. Mama mkwe aliniangalia akasema, "Mwanangu, kaa chini. Huo si ugonjwa." Majirani wakaniletea udongo wa kutafuna na juisi ya rozela ya kuongeza damu. Nilipowaonyesha michubuko mapajani, wakasema mtoto anavuta damu yangu. Nilifurahi. Hata jina nilishachagua.

Kisha damu ikatoka, nyingi, yenye mabonge. Wanawake wakasema mimba imeharibika. Katika ukoo wetu mwanamke wa namna hiyo hukaa ndani, haendi shamba wala hasalimii watu njiani, mpaka wazee waseme inatosha. Nikafungiwa. Nililala chumba chenye dirisha dogo nikimlilia mtoto wangu, huku fizi zinavuja na mto umelowa damu ya pua. Nikiomba kutoka, naambiwa nivumilie. Niliogopa sana. Nilijua nakufa, ila sikuwa na ruhusa ya kuugua.

Mume wangu Elia huziba pancha za malori Tunduma. Alipokuja akaona mdomo wangu, hakubishana na mtu. "Mama, nisamehe. Namtoa," akasema, akanibeba mgongoni mpaka barabarani.

Kwenye kituo cha afya, kipimo cha mimba hakikuonyesha kitu. Daktari alisema huenda haikuwahi kuwepo. Nikapelekwa hospitali kubwa, wakanichoma sindano nene nyuma ya nyonga kuvuta uboho, ule ute wa ndani ya mfupa. Yale maumivu nayasikia hadi leo. Daktari wa huko, dada mmoja mpole, akakaa kitandani kwangu.

"Neema, damu yako haikui," akasema. "Kila chembe ya damu huzaliwa changa. Ndani yake kuna protini inayowasha vinasaba na kuiamuru ikomae. Kwako protini hiyo imeharibika, imeziba njia. Chembe changa zimejazana kwenye mifupa, hazikomai."

"Kwa hiyo nazo zimefungiwa."

"Ndiyo. Ni saratani ya damu. Lakini aina hii ina dawa ya kuzifungulia."

Dawa yenyewe ni vidonge vya jamii ya vitamini A, pamoja na dripu. Nikauliza kuhusu mtoto.

"Usishike mimba kwa sasa. Mtoto tumboni naye hujengwa kwa amri za namna hiyo hiyo, moyo ukae wapi, mikono iote wapi. Dawa hii ingemvuruga."

Niligeukia ukutani nikalia.

Nikawekwa tena chumba cha peke yangu, safari hii kwa kuogopa maambukizi. Midomo ilipasuka, kichwa kiligonga, mwili ukavimba, pumzi ikawa ya kutafuta. Mswaki nilikatazwa. Nilitundikiwa damu, na mifuko ya majimaji ya njano yenye chembe za kugandisha damu. Elia alinipungia mkono kupitia kioo. Nilikichukia kitasa cha ule mlango kuliko sindano. Ila taratibu fizi zikakauka, na siku daktari aliposema chembe zimeanza kukomaa, nikaomba ugali.

Nimepona. Nawashukuru mliotoa damu bila kunijua, na Mungu aliyempa Elia ubishi wa kimyakimya. Ninyi wazazi, binti akichoka, akipata michubuko bila kugongwa, fizi zikavuja, mpelekeni apimwe damu kwanza. Furaha itasubiri majibu.

Bado sijazaa. Juzi nikiwa jikoni nilimsikia jirani akimuuliza mama mkwe kama mkamwana wake hajaleta mtoto. Mama alisogeza pembeni ungo wa kahawa.

"Tulimfungia ndani tukimlilia mtoto ambaye hakuwepo," akamjibu. "Aliyekuwepo ni huyu."