Safari ya Nimule

Erina hakuzoea uongo, ndiyo maana huu ulimkaa vibaya mdomoni. "Jumamosi nitakuwa njiani, nakwenda Nimule, mpakani, kupokea vitambaa," aliwaambia akina mama wa maombi, huku akikata uzi kwa meno ili asiwatazame.

Wiki nzima alikuwa ameinamia cherehani sokoni Jebel, jijini Juba, akishona sare za shule. Alitaka siku moja tu ya kukaa nyumbani, mtaa wa Gurei: alale, aoshe nywele, akaange kuku wake taratibu. Lakini kikundi chao huzunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, na maombi hayaishi kabla ya jioni. Ukisema unaumwa, wote wanahamia kwako na birika la uji. Aliyesafiri tu ndiye huachwa.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Mama Natalina, jirani wa ng'ambo ya uchochoro, mama mtu mzima aliyempa Erina mkeka wa kulalia alipowasili kutoka Masaka, Uganda, mgeni asiye na kitu. Tangu asubuhi Erina alizisikia nyimbo zao, madirisha kayafunga, kanga kifuani, kuku akichuruzika mafuta kwenye jiko la gesi.

Adhuhuri mbingu iligeuka nyeusi. Dhoruba ilishuka kutoka upande wa mlima Jebel Kujur, vumbi mbele, mvua nyuma. Ikang'oa mabati ya Mama Natalina na kuyabwaga uchochoroni. Mayowe. Miguu ikikimbia topeni. Kisha, barazani kwa Erina, upande wa pili wa mlango, wanawake wakihema.

"Tukae hapa hapa," alisema Night, mcheshi wao aliyekulia ukimbizini Uganda. "Mwenyewe hayuko, atatufukuza nani?"

"Maskini Erina," akasema Mama Natalina, meno yakigongana. "Mvua hii imemkuta barabarani. Tumwombee."

Wakamwombea. Waliomba gari lake lisiteleze, dereva asiwe mlevi, daraja lisisombwe. Erina alisimama na mwiko mkononi. Mvua ilikuwa ikiingia barazani kwa ubavu, aliisikia ikiwachapa. Akifungua, ameumbuka. Asipofungua, mama yule atalowa mpaka mifupani, naye hana tena paa la kurudia.

Mama Natalina alikohoa kwa muda mrefu, kisha akaendelea pale alipoachia: "Umfikishe salama, Bwana. Hapa Juba hana mtu ila sisi."

Erina akavuta komeo.

Harufu ya kuku ilitangulia kutoka.

"Eh!" Night akashika kiuno. "Kumbe Nimule iko hapa tu! Na sisi tunamsumbua Mungu na mambo ya dereva!"

Mmoja akacheka. Wengine walitazama miguu yao yenye tope.

"Malesh, yaishe, Night, nyamaza," akasema Mama Natalina. "Tumeomba afike. Amefika. Tuingie."

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Ndani, Erina alimvua Mama Natalina nguo zilizolowa, akamvika gauni lake mwenyewe, lile la Krismasi, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Kisha akapiga magoti kumsalimia, kama mabinti wa kwao Masaka wanavyowasalimia wakubwa.

"Inuka, binti yangu."

Hakuinuka. Alibaki pale sakafuni, kichwa chini, kupita muda wa salamu yoyote, maana hakujua atawaangalia vipi.